Huwezi Kumshirikisha Mtu Unayemficha

Tangu nistaafu, walimu vijana wanaopata barua za uteuzi wa ukuu wa shule hunipitia nyumbani kutaka ushauri. Wengi huja na madaftari, wakitegemea niwape orodha ya mambo ya kufanya. Mimi huwasimulia yaliyotokea, maana nililojifunza katika ualimu mkuu ni jambo moja, na siwezi kulieleza bila kuwataja watu walionifundisha. Jambo lenyewe ni hili: huwezi kumshirikisha mtu unayemficha.

Katika semina zetu za uongozi, uadilifu hufundishwa asubuhi na ushirikishwaji hufundishwa mchana, kana kwamba ni masomo mawili. Shuleni nimeona kuwa ni somo moja. Mwalimu mkuu anayeficha hesabu za fedha, anayeficha takwimu, anayeficha udhaifu wa shule yake, hata aitishe vikao vingapi, watu watamsikiliza kimya kisha watarudi makwao. Anayeweka mambo hadharani huanza kuzisikia sauti ambazo hakujua kuwa zipo.

Nilisomea ualimu Mpwapwa, nikafundisha darasani kwa miaka mingi, na mwaka 2003 nikakabidhiwa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Dodoma Vijijini, wilaya ambayo baadaye iligawanywa zikapatikana Chamwino na Bahi. Ulikuwa mwaka wa pili wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Ada ilikuwa imefutwa na watoto walikuja kwa wingi. Nchi nzima wanafunzi wa shule za msingi walikuwa karibu milioni 4.4 mwaka 2000. Kufikia 2004 walishapita milioni 7. Kwetu hiyo ilikuwa na maana ya darasa la kwanza lililojaa hadi mlangoni, wa miaka saba na wa miaka kumi wamebanana sakafuni. Wale waliovuka umri tuliwaingiza MEMKWA, mpango wa watoto walioikosa elimu ya msingi. Vyumba havikutosha, madawati hayakutosha, na walimu tulikuwa wachache.

Fedha za kujenga madarasa zilikuja, lakini hazikutosha bila nguvu za wananchi. Serikali ilitoa za saruji, bati na fundi. Kijiji kikatoa mchanga, mawe na tofali. Kamati ya shule ndiyo iliyosimamia, na miongozo ya MMEM ilitaka mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, kila mwananchi ayaone. Tulibandika. Wiki zikapita, karatasi ikababuka kwa jua, na sikumwona mtu akiisoma. Nilipomuuliza mlinzi wetu sababu, alinijibu kwa upole, "Mwalimu, wanaosoma si wengi. Na wanaosoma wanaogopa kuonekana wanasimama pale, isije ikasemwa kwamba wanakukagua."

Nikaomba nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Chini ya mbuyu, baada ya kusalimia "mbukwenyi" na kuitikiwa, nilifungua kitabu cha fedha nikakisoma mstari kwa mstari, na mjumbe wa kamati akirudia kila mstari kwa Kigogo: mifuko ya saruji mingapi na kwa bei gani, bati, misumari, mbao, malipo ya fundi, nauli ya mweka hazina kwenda benki mjini. Mwanzoni kulikuwa kimya. Kisha mzee mmoja akauliza kama bati zile ni geji 28 au geji 30, maana yeye aliziona zinabonyea. Nikamjibu kuwa ni geji 30, na nikaeleza kwa nini kamati iliamua hivyo. Hakuridhika, na alisema wazi kuwa hakuridhika. Lakini tangu siku ile mzee huyo alikuwa akija kwenye ujenzi kila asubuhi kumsimamia fundi, bila kuitwa wala kulipwa.

Aliyenifundisha zaidi alikuwa mama aliyekuwa amekaa nyuma, upande wa wanawake, na mtoto mgongoni. Alisimama, akajitanda kanga vizuri, akasema, "Mwalimu, tofali mmeziandika. Mchanga mmeuandika. Fundi mmemwandika. Maji tuliyobeba sisi kutoka korongoni, yako ukurasa wa ngapi?"

Hayakuwamo katika ukurasa wowote. Anayeijua Ugogo wakati wa kiangazi anajua maji yale yalivyopatikana: wanawake wakichimba mchanga wa korongo kwa mikono na vibuyu, wakisubiri maji yachuruzike, wakijaza madumu na kupanda nayo hadi kwenye tanuri la tofali. Tofali haifyatuliwi bila maji. Katika taarifa ya nguvu za wananchi, kazi ya wanaume ilikuwa na thamani yake kwa shilingi, na kazi ya wanawake haikuwa hata na mstari. Hakuna aliyekusudia kuwadhulumu. Fomu yenyewe haikuwa na nafasi ya maji, basi kila aliyeijaza aliruka. Tuliongeza mstari huo kwa kalamu, papo hapo, mbele ya mkutano.

Matokeo yake yalionekana uchaguzi wa kamati ulipofika. Wanawake waliokuwa wakiususia walijitokeza, wakagombea, wakachaguliwa. Ajenda ya kwanza waliyoileta ilikuwa mifereji ya kukinga maji kwenye mapaa mapya na tangi la kuvunia mvua. Sisi walimu tulikuwa tumepanga kununua kabati la ofisi. Tangi likatangulia, na watoto wakaacha kutoka darasani kwenda kuchota maji. Nimekaa katika vikao vingi ambavyo mada yake ilikuwa ushirikishwaji wa jamii. Hakuna kilichonifundisha kuliko swali lile la ukurasa wa ngapi. Na mama yule asingeliuliza kama kitabu kingebaki kabatini.

Kitabu cha pili kilichonifungua macho kilikuwa cha adhabu. Kanuni zetu zinasema viboko hutolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe. Shule nyingi huandika ili mkaguzi akija akute kitabu kipo. Mimi nilikipeleka kwenye kikao cha walimu tukakisoma pamoja, muhula mzima, jina kwa jina. Mwalimu wa zamu mmoja alikuwa wa kwanza kuliona jambo: kosa lililojaa kurasa zile lilikuwa kuchelewa, na karibu wachelewaji wote walitoka kitongoji kimoja, ng'ambo ya korongo.

Tulikuwa tukiwachapa watoto kwa sababu ya mahali wazazi wao walipojenga. Wadogo wa miaka saba walitembea alfajiri, na korongo likijaa walisubiri lipungue au walizunguka mbali. Wavulana wengine walianza siku kwa kupeleka ng'ombe malishoni kabla ya kushika njia. Walimu wenzangu hawakuwa wakatili. Walikuwa watu waliochoka, wenye madarasa makubwa, na kila mmoja alikuwa akiwaona wachelewaji wake mmoja mmoja. Tulipoziweka kurasa zote pamoja, hapakuwa na haja ya mimi kuhutubia. Kikao chenyewe kiliamua kuwa mtoto wa ng'ambo asiadhibiwe kwa kuchelewa, na vipindi vya hisabati vihamishwe kutoka saa ya kwanza ili wasivikose.

Tulikwenda pia kuzungumza na wazazi wa kitongoji kile. Wao ndio waliotoa wazo la shule shikizi: banda la darasa la kwanza na la pili huko huko kwao, watoto wavuke korongo watakapokuwa na nguvu. Walijenga kwa miti na udongo, baadaye wakaezeka bati. Mwalimu aliyejitolea kwenda kufundisha huko alikuwa kijana mgeni, asiyejua Kigogo, na watoto wengi wa pale hawakuwa wakijua Kiswahili. Bibi mmoja wa kitongoji alikaa naye darasani wiki za mwanzo, akimfasiria mwalimu na kuwatuliza watoto. Hakuwa na cheti chochote, na bila yeye darasa lile lisingesimama.

Hapo ndipo nilipoanza kufuata desturi moja: kabla ya kupanga jambo la shule, nililipima kwanza kwa mtoto ambaye litamwia gumu kuliko wote. Likimfaa huyo, wengine hawatapata shida.

Kipimo hicho kilijaribiwa siku mzazi mmoja alipomleta binti yake mwenye ualbino kuandikishwa. Ilikuwa miaka ile ya mauaji ya watu wenye ualbino, hasa Kanda ya Ziwa, na hofu ilikuwa imefika hadi kwetu. Mama yake alisema, "Mwalimu, nimekuletea mwanangu, lakini usiku silali." Walikuwepo walioshauri kwa nia njema kwamba apelekwe shule maalumu. Buigiri, shule kongwe ya wasioona, haikuwa mbali nasi, na kazi yake naiheshimu sana. Ila mtoto huyu aliona, kwa shida, na alitaka kukaa na mama yake na wadogo zake. Elimu jumuishi ina maana kwamba shule ya jirani ndiyo ya kwanza kuulizwa kama iko tayari, kabla ya mtoto kuulizwa kama yuko tayari kuhama.

Hatukuwa tayari, na tulimwambia mama yake hivyo. Hakuna mwalimu wetu aliyepitia Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu kule Arusha, wala hatukuwa na kifaa chochote. Tukamwomba atufundishe yeye. Akatuambia kuwa binti haoni ubaoni hata akikaa mbele. Kwamba mwanga wa dirishani unamuumiza macho. Kwamba jua la saa sita linamchoma ngozi hata kwa muda mfupi, hivyo gwaride la mchana na kazi za shamba vinamdhuru. Maelezo ya mama yalitosha kubadili mengi. Mwalimu alijizoeza kusoma kwa sauti kila anachoandika ubaoni. Dawati lilihamishwa kutoka dirishani. Kofia pana na mikono mirefu vikaruhusiwa kuwa sehemu ya sare yake. Kazi yake ya nje ikapangwa asubuhi. Kwenda na kurudi alisindikizwa na kundi la watoto wa mtaa wao, wakubwa kwa wadogo, kwa zamu waliyoipanga wenyewe.

Walionufaika hawakuwa yeye peke yake. Mwalimu alipoanza kusoma anachoandika, tuligundua kuwa watoto kadhaa wa nyuma nao walikuwa hawaoni vizuri, na miaka yote walikuwa wakinakili kwa wenzao na kuitwa wazito. Mwaka 2008 Rais Kikwete alipomteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, mwalimu wa uraia alilieleza jambo hilo darasani kama anavyoeleza uteuzi mwingine wowote, bila kumnyooshea binti kidole. Ilipofika zamu yake ya mtihani wa darasa la saba, wakati wa kusajili watahiniwa tuliandika kuwa ana uoni hafifu, na Baraza la Mitihani likaleta karatasi yake ya maandishi makubwa na muda wa nyongeza. Huduma hiyo ipo kwa kila shule. Kinachohitajika ni mwalimu mkuu kuandika ukweli kwenye fomu kwa wakati. Wapo watahiniwa wanaoshindwa kusoma karatasi kwa sababu tu mkuu wao hakutaka ionekane kwamba shule yake ina mwenye ulemavu. Hilo nalo ni kuficha, na anayeumia ni mtoto.

Wanafunzi wenyewe nao wana ya kusema wakipewa nafasi. Viranja wetu walianza kuchaguliwa na wanafunzi kwa kura ya siri, na baraza la wanafunzi likawa linakutana na walimu kila muhula. Jambo lililoletwa kwanza na wasichana lilikuwa milango ya vyoo. Mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, nasi katika taarifa zetu tulikuwa tukihesabu matundu. Wasichana walituambia kuwa matundu mawili hayana milango na hawayatumii kabisa, na kwamba wakubwa wao wakiwa kwenye hedhi hubaki nyumbani. Idadi tuliyokuwa tukiituma wilayani ilikuwa sahihi kwa kuhesabu na haikuwa kweli kwa maisha ya watoto. Milango ikawekwa, na rejista ya mahudhurio ya darasa la sita na la saba ikabadilika.

Yapo yaliyotushinda. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba aliondolewa shuleni, na mwaka 2017 msimamo huo ulitiliwa mkazo kutoka juu kabisa. Mwalimu mkuu hakuwa na mamlaka ya kumrudisha darasani. Tulichoweza ni kukaa na wazazi wake tukawaeleza ukweli: kwamba kosa la jinai ni la mwanamume aliyempa mimba, na kwamba zipo njia nje ya mfumo rasmi, kwa kuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima imekuwepo tangu 1975. Baadhi walisikia, wengine walimwoza binti yao mwezi huo huo. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilipotangaza kuwa aliyejifungua anaweza kurudi shuleni, nilifurahi kwa ajili ya watakaokuja na nikasikitika kwa ajili ya wale niliowaandikia barua za kuondoka. Moyo wa mwalimu mkuu peke yake haumwingizi mtoto darasani pale sheria inapomtoa. Ndiyo maana tunaolijua jambo hili kwa karibu tunapaswa kusema tunapoulizwa maoni ya sera, na hata tusipoulizwa.

Ukweli una gharama, na sipendi kuwadanganya vijana kuwa hauna. Upo mwaka ambao taarifa yetu ilionyesha idadi kubwa ya watoto wa darasa la pili wasiojua kusoma, wakati shule za jirani zilionyesha wachache, na tulisemwa kwenye kikao mbele ya watu. Tuliporudi tuliwaita wazazi tukawasomea takwimu zile zile, na walimu wawili wazoefu wakakubali kuacha la saba wakachukue la kwanza na la pili. Mimi nilichukua vipindi vya kusoma vya la kwanza, na niliendelea navyo hadi nilipostaafu. Katika shule nyingi mwalimu hodari hupewa darasa la mtihani na mwalimu dhaifu hupewa watoto wadogo. Huko ndiko kutengwa kunakoanzia, mapema kabisa.

Lakini uongo una gharama kubwa zaidi. Mwaka 2016 ruzuku ilianza kuja moja kwa moja kwenye akaunti za shule, na serikali ikaendesha uhakiki wa wanafunzi hewa nchi nzima. Wakuu wengi walihangaika. Kwetu wahakiki walikuta idadi kwenye rejista, idadi kwenye ubao wa matangazo na idadi iliyosomwa kwenye mkutano wa kijiji ni ile ile, na wazee waliokuwapo wakaithibitisha kwa kutaja majina ya watoto waliohama.

Hakuna lolote kati ya haya lililo geni katika nchi yetu. Mwalimu Nyerere, aliyefundisha Tabora na Pugu kabla ya kuiacha kazi hiyo mwaka 1955, alieleza katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, kwamba shule iwe jumuiya, na wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua mambo yake. Tumeyakariri maneno hayo kwa ajili ya mitihani ya ualimu kizazi baada ya kizazi. Tunacho chuo cha uongozi wa elimu Bagamoyo, kilichoanza kikiitwa MANTEP na sasa ni ADEM. Miongozo tunayo. Kinachopungua ni watu wanaopewa nafasi kwa sababu ya namna wanavyoishi na wenzao, na siyo kwa sababu ya wanayemjua.

Kwa hiyo naomba mawili. Kwenu wakurugenzi na maafisa elimu mnaoteua: kabla ya kumpa mtu shule, ulizeni walimu aliofundisha nao, ulizeni kamati, ulizeni mpishi na mlinzi. Wao wanajua kama neno lake la ofisini na la nje ni moja. Kwako mwalimu uliyepokea barua ya uteuzi mwaka huu: wiki yako ya kwanza soma kitabu cha fedha na kitabu cha adhabu pamoja na walimu wako, na mwezi wako wa kwanza visome mbele ya wananchi, kwa lugha wanayoielewa. Kisha nyamaza, uwape nafasi ya kuuliza. Swali litakalokusumbua zaidi, anza kazi hapo.